Chumba Kisichoingia Vumbi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida iliponikamata. Baba alikufa kwa kifua huko Ntobeye, kwetu Ngara. Mama akabaki na watoto wawili, kaka yangu na mimi, na shamba la migomba ambalo baba zetu wadogo waligawana kabla majani ya matanga hayajakauka sakafuni. Shule niliiacha darasa la tatu. Kusoma najua, kuandika unaona mwenyewe, na kwenye hesabu hakuna wa kunidanganya. Mengine yote nimejifunza kwa mikono. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ujue kwamba mtu anayekuambia hapa kuwa aliogopa si mtu wa kuogopa ovyo.

Tulipokuwa vijana tulivuka kwenda Biharamulo, upande wa machimbo ya dhahabu. Kaka alitangulia, mimi nikamfuata. Kazi tuliyopewa ilikuwa kutwanga mawe. Jiwe linatoka shimoni, linakaushwa kwa moto, linatiwa kwenye kinu cha chuma, unatwanga mpaka linakuwa unga. Na unga lazima uwe mkavu, kwa sababu unachekechwa, na unga uliolowa haupiti kwenye chekecheo. Sasa upepo wa kule ni mwizi. Ukitwanga nje, unakupeperushia mali yako. Kwa hiyo tulijenga kibanda cha turubai, tukakiziba pande zote nne, tukashona hata mlango. Tulijiona tuna akili kuliko wenzetu wote. Wenzetu nao wakaja kutazama, wakaenda wakajenga vya kwao.

Turubai lilikuwa na tundu moja dogo. Asubuhi jua lilipenya pale likasimama ndani kama fimbo, na ndani ya fimbo ile niliona unga unaelea kuzunguka kichwa cha kaka yangu. Hauanguki. Unacheza tu. Nilimwonyesha. Akacheka, akasema, "Wenzetu wanaitafuta dhahabu, sisi tunaila."

Mimi baadaye nilihamia kwenye kuosha, kule kwenye maji, kwa sababu tu aliyekuwa anaosha alirudi kwao Shinyanga. Ndiyo maana niko hapa nakuandikia. Kaka alibaki kwenye kinu. Alikuwa mwanaume mwenye kifua kama mlango, lakini mwishoni nilimbeba kama mtoto. Hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta, anavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, na ndoo inafika juu haina maji. Hivyo ndivyo alivyokufa, ameketi, macho wazi.

Tangu hapo nikajiwekea sheria: vumbi dawa yake maji. Nikifagia, kwanza namwagia maji. Nikivunja tofali, namwagia. Fundi akija kwenye jengo langu na mashine ya kukata vigae bila ndoo ya maji, namrudisha kwao na mashine yake. Watu wa Nyakanazi wananicheka, wananiita Mzee Ndoo. Waite.

Nyakanazi nilifika nikiwa na baiskeli na matenga mawili ya ndizi. Pale barabara zinakutana. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanasimama pale, madereva wanakula, wanalala, wanaweka mafuta. Mtu mwenye macho hawezi kukosa riziki mahali watu wanaposimama. Niliuza ndizi, nikauza mkaa, nikanunua kiwanja wakati watu wanasema ni pori, nikajenga fremu tatu za biashara kwa tofali zangu mwenyewe, nilizochoma mimi mwenyewe. Hakuna benki iliyonikopesha, hakuna mwanasiasa aliyenishika mkono.

Binti yangu wa mwisho nilimpa jina la mama yangu, na kwa hiyo namwita mama. Yeye alisoma. Alisomea meno, akawa tabibu, akafanya kazi kwa watu huko mbali, kisha akaja kuniambia anataka chumba chake. Nilimpa fremu ya katikati. Na sikumpa kama ilivyokuwa. Niliijenga upya kwa ajili yake.

Lazima ujue vumbi la Nyakanazi. Ni jekundu, linaingia kwenye chapati, kwenye kitanda cha mtoto, kwenye saa ya ukutani. Lori likipita, unahesabu meno ya mtu aliyecheka kwa wekundu wake. Nikasema chumba cha mwanangu hakitaingia vumbi. Niliweka vigae chini, jipsamu juu. Niliweka madirisha ya alumini yenye vioo visivyofunguka kabisa, pembeni nikaziba kwa gundi. Chini ya mlango nikabandika sponji. Nikaweka kiyoyozi ili mtu asiseme kuna joto. Mgeni akija namwambia, pitisha kidole popote, uone. Alipitisha, akakitazama, kikawa safi. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Binti yangu alipokiona chumba alishukuru, akakizunguka, kisha akaweka kiganja kwenye kioo.

"Baba, haya hayafunguki?"

"Yafunguke ili iwe nini?"

"Chumba kipumue."

Nikamwambia chumba hakipumui, anayepumua ni mtu. Akacheka. Hakuendelea, kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hapokei zawadi ya baba yake na kuanza kuipima. Alileta kiti chake cha wagonjwa, mashine zake, na mama mmoja wa kumsaidia. Alivaa barakoa ngumu inayobana mpaka inaacha alama mashavuni, na juu yake kioo cha kufunika uso wote. Mgonjwa kabla ya kufungua kinywa alipewa maji ya dawa asukutue. Yule msaidizi alishika bomba la kufyonza, akaliweka karibu kabisa na jino, na kila kinachoruka kikaingia bombani. Mimi nilikuwa nachungulia. Mashine ya kuchonga jino ilipoanza kulia, nikaona inatema maji huku inachonga. Roho yangu ikatulia. Nikasema moyoni, huyu ni damu yangu, hachongi pakavu.

Basi nikaendelea na shughuli zangu.

Siku ninayotaka kuizungumzia, msaidizi wake alikuwa amekwenda kujifungua na mwingine hajapatikana. Asubuhi alikuja dereva wa lori, anaelekea mpaka wa Rusumo, shavu limevimba. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa, nasubiri fundi bomba. Mlango ulikuwa wazi kidogo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Binti yangu alimuuliza kama anakohoa. Akasema ni vumbi la barabara tu. Akamuuliza kama anatokwa jasho anapolala, kama amepungua mwili. Akasema, "Daktari, dereva gani wa Kongo hajapungua mwili?" Wakacheka wote wawili. Akamsukutulisha, akamlaza, akaanza.

Alikuwa peke yake. Mkono mmoja mashine ya kuchonga, mkono mwingine bomba la kufyonza na kioo kidogo cha kutazamia, mara hiki, mara kile. Na bomba, kila alipoliondoa ili ashike kioo, maji yalibaki hayana mwenyewe.

Wakati ule jua lilikuwa linapanda upande wa barabara. Likaingia kwenye kile kioo changu kisichofunguka, likalala juu ya kiti. Nikaona ukungu. Ulitoka kinywani mwa yule mtu, mweupe, mwembamba, ukapanda ukamzunguka binti yangu kichwani. Dereva akashikwa na kikohozi mashine bado inalia, na ukungu ukatoka kwa nguvu kama kitu kilichopulizwa. Kisha ukabaki. Hauanguki. Unacheza tu.

Nilisimama. Nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza, nikatazama malori mpaka yule dereva alipotoka ameshika shavu, akanipungia mkono.

Jioni nikamuuliza binti yangu ule mvuke ni kitu gani.

"Si mvuke, baba. Ni maji ya mashine, yamechanganyika na mate na damu na chochote alichonacho mgonjwa. Mashine inayapasua vipande vidogo sana. Unavyoviona vinaanguka. Usivyoviona vinabaki hewani."

"Maji hayabaki hewani. Maji yanalaza vumbi. Hilo usinifundishe."

"Ukiyamwaga yanalaza vumbi," akasema. "Ukiyapasua, yanakuwa vumbi."

Maisha yangu yote nimeamini ndoo ya maji kuliko nilivyomwamini binadamu yeyote. Aliendelea kunieleza taratibu kwamba barakoa inasaidia, bomba linasaidia, kusukutua kunasaidia, ila hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake, na kwamba hewa yenyewe lazima itoke nje ije nyingine. Akataja madirisha tena. Nikamwambia nikifungua madirisha, vumbi la barabara litaingia kwenye vinywa vya wagonjwa wake. Akasema tutaona. Tukaachia hapo, kila mtu na lake.

Zikapita wiki. Kiangazi kilikuwa kikali, kila mtu Nyakanazi alikuwa anakohoa, na binti yangu alikuwa anakohoa kama kila mtu. Sikulitilia maanani.

Siku moja namwagia maji baraza, nikaona mtu amesimama ng'ambo ya mtaro. Amevaa barakoa. Alikuwa yule dereva, lakini amekonda zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, mbona umesimama huko?"

"Sikaribii mzee. Niitie daktari."

Binti yangu akatoka, akasimama mlangoni. Yule mtu hakuvuka mtaro. Aliongea kwa sauti ili afike, na waliokuwa karibu wakasikia, na hakujali.

"Dada, siku ile uliniuliza kama nakohoa. Nilikudanganya. Nilikuwa nimekohoa muda mrefu. Nimeanza dawa za kifua kikuu. Wakaniambia nitaje watu waliokaa na mimi karibu, nikataja mke wangu, nikataja mwenzangu wa gari. Halafu nikakumbuka na wewe uliniinamia."

Binti yangu akamuuliza kama anakunywa dawa kila siku bila kuruka. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama jino limetulia. Akasema limetulia. "Ningekwambia ukweli ungenirudisha na jino langu," akasema yule mtu. Binti yangu akajibu kwamba asingemrudisha, angemtuliza maumivu kwa vidonge na kumpeleka kwanza akapimwe. Kisha akamshukuru kwa kurudi.

Akamshukuru! Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, na mkono ulikuwa unanituma niirushe ng'ambo ya mtaro pamoja na maji yake. Alipoondoka nilimwambia binti yangu kwamba mtu kama yule ni muuaji.

"Baba, huyu amerudi. Wangapi wanajua na hawarudi?"

Kisha akakohoa. Kikohozi kilekile cha jana na juzi. Lakini mimi nilikisikia kama nilikuwa kiziwi mpaka siku hiyo.

Alifunga chumba siku ileile, akaweka karatasi mlangoni kwamba hakuna huduma. Alikwenda Biharamulo hospitali, akatoa makohozi, akapigwa picha ya kifua. Wakamwambia asubiri, mashine ya kupimia ilikuwa na foleni. Akarudi nyumbani, akakaa chumba cha uani mwenyewe, na dirisha la kule linafunguka. Tangu hapo ukawa ni mwezi wa kusikiliza. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa ukuta, najifanya narekebisha kitasa, najifanya natafuta misumari, kumbe nasikiliza. Akikohoa, nashikilia ukuta. Asipokohoa kwa muda, nashikilia ukuta pia, maana kaka yangu kuna siku alinyamaza hivyo nikafurahi.

Nilishindwa kula. Nikasema niende Kasulo, kwa wenzangu niliochunga nao, nikapumzishe kichwa. Kule kwetu watu wazima hunywa pombe ya ndizi kwa chungu kimoja, na mrija mmoja unazunguka, huyu anavuta, anampa huyu. Ndiyo undugu wetu. Ukimkataa mtu mrija, umemkataa yeye. Ulipofika kwangu, nikasema leo sinywi.

Mwenzangu mmoja, tuliyetahiriwa naye siku moja, akaniangalia kutoka miguuni mpaka kofia.

"Mzee Ndoo ameota kiyoyozi kifuani. Sasa anaogopa mate yetu."

"Mpe chake kwenye glasi," mwingine akasema, "tena umchanganyie maji, ndiyo dawa yake."

Wakacheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi, na mimi nikainuka nikaondoka. Waliniita, sikugeuka. Njia nzima mpaka Nyakanazi nilikuwa namsikia yule mmoja anakohoa.

Nilipomsimulia binti yangu, tukiongea kupitia dirishani, alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya dereva.

"Masikini baba, umewaudhi wenzako bure. Ugonjwa huu hauji kwa mrija. Unakuja kwa hewa."

Alidhani ananituliza. Kumbe ndipo aliponimaliza. Mrija unaweza kuukataa, hata wakikucheka. Hewa utaikataaje?

Bado nilishikilia kwamba kosa ni la dereva. Nikamwambia chumba changu hakina kosa, hakuna chumba safi kama kile kutoka Ngara mpaka Biharamulo mjini. Hakubishana. Yeye anajua kwamba nina mizinga ya nyuki Ntobeye, na kwamba naamini moshi. Mwenye nyuki anajua upepo kwa moshi, hana haja ya kuambiwa.

"Basi lete moshi wako wa nyuki," akasema. "Uweke kwenye kile kiti. Ufunge mlango kama siku ya kazi. Utazame mwenyewe."

Nilifanya hivyo kwa hasira, nikijua nitamshinda. Nilifunga majani makavu ya mgomba, nikayawasha yakafuka, nikayatia kwenye kopo la bati, nikaliweka pale mgonjwa anapolaza kichwa. Nikawasha kiyoyozi. Nikafunga mlango, nikabaki ndani. Yeye alisimama nje, anatazama kupitia kioo.

Moshi ulipanda mpaka kwenye jipsamu. Ukakosa njia. Ukatambaa juu ya dari yote, kisha ukaanza kushuka kwenye kuta. Kiyoyozi kikaudaka kikautupa moja kwa moja kwenye kigoda anachokaa binti yangu. Nilikaa juu ya kigoda kile. Ulinijia usoni, ukapita, ukazunguka, ukanijia tena, moshi uleule. Nilipofungua mlango nitoke, ukatoka nami, ukaenda ukaketi kwenye benchi la wanaosubiri, pale akina mama wanapokaa na watoto mapajani.

Tukafunga tena mlango. Tukanywa chai. Tukarudi, moshi bado upo. Nikaenda kuongea na mpangaji wangu wa fremu ya mwisho, nikarudi, bado upo, umekuwa mwembamba tu, na jua linaingia kwenye kioo linauonyesha.

"Mgonjwa wa kwanza anakwenda zake," binti yangu akasema, "lakini hewa yake inabaki humu. Wa pili anakuja kuivuta. Na mimi naivuta ya wote."

Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa natazama turubai. Nilikuwa nimelijenga tena, safari hii kwa vioo na jipsamu na fahari, nikamfungia ndani yake mtoto niliyempa jina la mama yangu.

Kesho yake asubuhi nilichukua nyundo kubwa. Sikumwita fundi. Ukuta ule niliujenga mimi, na mimi ndiye niliyeuvunja. Binti yangu alikuwa amenionyesha mahali: tundu la juu, upande wa kichwa cha mgonjwa, liwekwe feni ya kutoa hewa nje, na upande wa pili, nyuma ya mgongo wake yeye, dirisha linalofunguka, ili hewa safi impige mgongoni, ipite kwake kwanza kisha kwa mgonjwa, itoke. Dirisha hilo nililiweka upande wa migomba, mbali na barabara. Vumbi kule ni kidogo. Nilivunja huku namwagia maji, na watu wakajaa barabarani. Nilisikia mmoja anasema mzee amerukwa na akili, anabomoa chumba kizuri kuliko vyote.

Nyuma ya tundu la feni kuna mama lishe ana banda lake. Aliinua kichwa kutoka kwenye maharage akaniona usoni kupitia ukuta.

"Shikamoo mzee. Hiyo hewa ya vinywa vya watu unaileta kwenye sufuria langu?"

"Marahaba. Ni hewa tu."

"Kama ni hewa tu, kwa nini unaifukuza kwako?"

Nilinunua bomba pana la bati, nikaliinua kutoka kwenye feni likapita juu ya paa, likavuka paa lake na la jirani, likatemea juu kule hakuna mtu. Lile bomba ni baya. Linaonekana kutoka stendi. Wanaoshuka kwenye basi huuliza kama pale kuna mkate unachomwa.

Tukawasha moshi tena. Ulisimama kidogo kwenye kiti kama unaofikiri, kisha ukageuka wote ukaenda kwenye feni, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Tulipofunga mlango na kuhesabu vikombe vya chai, hatukumaliza cha kwanza. Chumba kilikuwa hakina moshi. Nilimtazama binti yangu. Hakusema nilikwambia. Alikohoa tu, akageukia pembeni, akaziba mdomo kwa kiwiko.

Kisha simu ikaja kwamba majibu yako tayari.

Tulikwenda na mchomoko, yale magari madogo ya abiria, na nililazimisha vioo vyote vishushwe. Abiria wakalalamika vumbi. Nikawaambia walile tu. Njiani niliangalia mikono yake magotini na kutafuta kama imekonda. Ya kaka ilianza kukonda kwenye viganja.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema makohozi hayana vijidudu, na picha ya kifua ni safi. Lakini kwa kuwa binti yangu alikaa karibu na mgonjwa, alimpa vidonge vya kinga vya kunywa kwa miezi, na akamwambia kikohozi kikikataa kuondoka arudi.

"Kwa hiyo hana," nikasema.

"Hatujaona, mzee."

"Nimeuliza kama anao au hana."

Binti yangu akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo. "Baba, hawajaona. Jibu lililopo ni hilo. Twende."

Kikohozi kilikwisha mvua zilipoanza. Labda lilikuwa vumbi. Labda ni vidonge. Mimi sijui, na nimeacha kumuuliza, lakini kusikiliza sijaacha.

Alifungua tena chumba, na sasa hachongi jino bila mtu wa kushika bomba. Anayekohoa anatulizwa maumivu na kutumwa kupima kwanza. Jino linaloweza kuchokolewa kwa kifaa cha mkono, analichokoa kwa mkono, taratibu, bila mashine. Akimaliza kuchonga, kila mtu anatoka, feni inabaki inafanya kazi chumba kitupu kabla ya mwingine kuingia. Madereva wana haraka, wanagomba. Benchi nimelihamishia nje chini ya paa, na mwenyewe nakaa hapo. Anayegomba namwambia hapa ni kwangu, lori lako halina mguu, litakungoja.

Mwezi uliopita gego langu lilikataa. Nililificha mpaka nikashindwa kutafuna muhogo. Alinilaza kwenye kiti. Sikuwahi kukilalia. Nilisukutua, msaidizi akaleta bomba, mashine ikaanza kulia. Jua lilikuwa kwenye kioo, na juu yangu niliona ukungu wangu mwenyewe, mdogo, unatoka kinywani mwangu unamwelekea mwanangu. Nikabana pumzi.

Akazima mashine. "Baba, pumua."

Nikamwonyesha kwa mkono kwamba napumua.

"Hupumui. Tazama feni."

Nikageuza macho. Ukungu ulikuwa unakwenda, wote, polepole, juu, mbali na uso wake. Nikaachia pumzi. Ikaenda na yenyewe.

Leo nina nyumba ya tofali Kasulo, ya bati, vyumba vinne. Shamba la migomba na kahawa Ntobeye, lile la baba, nililinunua tena kutoka kwa watoto wa baba zangu wadogo. Mizinga ya nyuki kumi na miwili. Ng'ombe saba. Fremu tatu Nyakanazi, mbili zina wapangaji. Nyundo kubwa. Ndoo. Bomba la bati baya linaloonekana kutoka stendi. Na feni moja ukutani. Umeme ukikatika, popote nilipo pale Nyakanazi, naacha ninachofanya naenda kumwambia binti yangu asimamishe kazi mpaka feni izunguke tena.